Shajara ya wiki nane: misuli ikiuma, niendelee na zoezi ama nipumzike?

Jumapili, kabla ya kuanza

Naandika hii juu nimechoka kupewa majibu mawili kwa swali moja. Uliza watu hapa Nakuru kama mtu afanye zoezi na miguu bado inauma ya juzi, huyu atakwambia endelea tu, maumivu yatatoka na jasho, mwenzake aliyekaa hapo kando atakwambia lala, unajimaliza. Mimi ni fundi wa kushona, nakaa kwa cherehani ya kukanyaga kuanzia asubuhi hadi jioni, mama yangu ana presha na kisukari, na mwezi uliopita nikapimwa nikaambiwa presha yangu pia imeanza kupanda. Kwa hivyo haya mazoezi si ya urembo. Na nimeshaanza mara tatu huko nyuma nikaacha, na kila mara niliacha wiki ya kwanza ama ya pili, siku ile miguu inakataa kabisa na sijui kama kuendelea ni ujasiri ama ni ujinga.

Mradi wenyewe ni wiki nane, mimi na binamu yangu, halafu mwisho tupande Menengai, mlima wa volkano hapa kwetu, kwa miguu kutoka mtaa wa Milimani hadi pale juu watu husimama kuangalia shimo, na tushuke kwa miguu pia, hakuna boda. Mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Menengai inafika mita 2,278, kwa hivyo hiyo si matembezi ya kwenda sokoni.

Kila asubuhi nitaandika namba mbili kwa daftari ya vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Ya kwanza ni maumivu nikishuka ngazi. Naishi gorofa ya nne na ngazi ni 64, nimezihesabu leo. Sifuri ni hakuna kitu, kumi ni siwezi kushuka. Ya pili ni stuli, yaani naweka mikono kifuani, nakaa nasimama nakaa nasimama kwa sekunde 30, kijana wangu mdogo anashika simu na kuhesabu. Leo maumivu 0, stuli 17.

Wiki ya 1

Jumatatu. Tumeingia jimu saa kumi na mbili jioni, kumejaa, muziki uko juu. Instrakta akatuuliza tunataka nini, tukasema miguu na pumzi ya kupanda mlima, akatupa skwoti 100, yaani kuchuchumaa na kusimama, lanji (hatua ndefu ukishusha goti) za kwenda na kurudi ukumbi mzima, halafu kuruka juu ya boksi na kushuka, kushuka, kushuka. Sikuona shida hapo hapo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha, nikapika, nikalala vizuri.

Jumanne. Maumivu 5, stuli 13.

Jumatano. Maumivu 8, stuli 10. Hii siku nataka kuiandika vizuri. Nilipoamka mapaja yalikuwa kama mbao. Kukaa chooni nilishika mlango kwa mikono miwili. Kwa ngazi niligeuka nikashuka kinyumenyume, mkono kwa chuma, ngazi moja moja, na jirani wa gorofa ya pili akasimama kunipisha akidhani nimeanguka. Kupanda hakukuuma hivyo. Ni kushuka. Nimeiandika hiyo pembeni na nimeizungushia duara kwa sababu ngazi ni zilezile, miguu ni ileile, na tofauti ni kama usiku na mchana.

Jioni binamu akanipigia, "Twende, hata mimi siwezi tembea lakini instrakta amesema dawa ya moto ni moto." Nikamwambia leo sitoki. Akaenda peke yake.

Alhamisi. Maumivu 8, stuli 11. Saa tatu usiku simu. Binamu analia. Anasema mapaja yamefura hadi suruali haipandi, na akienda haja ndogo inatoka nyeusi kama strungi. Nilienda na boda hadi kwake Free Area, akanionyesha, na kweli ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyokaa kwa sufuria tangu asubuhi. Hatukungoja kuche.

Ijumaa na Jumamosi, hospitali

Wamemlaza na dripu. Wamempima damu, wakaangalia kimeng'enya cha misuli na potasiamu, na daktari, mama mmoja mpole sana, akakaa kwa kitanda akatueleza polepole. Misuli ikiumia kidogo baada ya zoezi ni kawaida, inajirekebisha. Lakini ikivunjika nyingi kwa mara moja inamwaga vitu vya ndani kwenye damu, na kuna protini moja inaitwa mayoglobini ndiyo inageuza mkojo rangi, na hiyo inaumiza figo. Ugonjwa wenyewe unaitwa rabdomayolisisi. Huwapata sana watu wanaofanya zoezi kali ambalo mwili haujazoea, zaidi wakirudia kabla hawajapona, kukiwa na joto, na maji mwilini ni kidogo. Akamuuliza binamu kama alimeza dawa. Alikuwa amenunua za maumivu kwa kemisti, akameza Jumatano kabla ya jimu ili aweze kufanya, na Alhamisi tena. Daktari akasema dawa za kundi la ibuprofeni na diklofenaki si mbaya zenyewe, lakini mtu akiwa hana maji ya kutosha zinaongezea figo mzigo, na zaidi ya hapo zilimfunika macho, akapiga misuli ambayo ilikuwa inamwambia ngoja.

Nimeandika haya maneno ukutani kwa duka, karibu na kioo: mkojo mweusi, kufura kwingi, mguu kukosa nguvu kabisa, ni hospitali, si kesho.

Figo zake ziko sawa, Mungu ni mwema. Alitoka Jumapili mchana na ameambiwa hakuna zoezi hadi damu ipimwe tena.

Wiki ya 2

Nilifikiria kuacha. Kwa kweli nilikuwa nimeamua kuacha, halafu Jumatatu nikafungua daftari nikaona nimeandika maumivu 2, stuli 14. Maumivu karibu yameisha, lakini kwa stuli bado niko chini ya 17. Yaani kama ningesikiliza maumivu peke yake ningesema nimepona, nirudi nipige skwoti 100, na nguvu yenyewe haijarudi. Hapo ndipo huu mradi umebadilika kwangu. Swali si "inauma ama haiumi". Swali ni "nguvu imerudi ama bado".

Jioni hii nimesoma hadi saa sita. Wataalamu wanayaita haya maumivu ya misuli ya kuchelewa, juu hayaji siku ileile, yanaanza kesho yake na huwa makali kati ya saa 24 na saa 72. Yale maneno ya watu kwamba ni asidi ya laktiki, ile misuli hutengeneza ukifanya zoezi kali, imekwama kwa misuli si kweli, maana hiyo huwa imeshaondoka kwenye damu kama saa moja hivi baada ya zoezi, sasa itaumaje Jumatano ya zoezi la Jumatatu? Tangu 1902 kuna mtafiti wa Marekani, Theodore Hough, aliandika kwamba haya maumivu yanatokana na mipasuko ndani ya misuli yenyewe. Mwaka wa 1902! Na sisi bado tunaambiana asidi.

Na ile duara yangu ya ngazi imepata jibu. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja ukivuta mwili juu. Ukishuka, msuli huohuo unafanya kazi ukiwa unarefushwa, unazuia usianguke huku unavutwa. Sisi mafundi tunajua hii. Kitambaa ukikishona kimetulia hakina shida, lakini kivute huku mshono umeshika, nyuzi zinaanza kukatika moja moja kabla hujaona tundu. Ndiyo maana kuruka kutoka kwa boksi kulitumaliza kuliko zile skwoti zenyewe.

Wiki hii nimetembea tu. Dakika 20 asubuhi, 30 jioni, mwendo wa kuongea na mtu bila kuhema.

Kitu kingine nimeona, na hiki nimekiona kwa mguu wangu mwenyewe. Ile Jumatano mbaya, nilipoanza kukanyaga cherehani saa mbili asubuhi shavu la mguu lilikuwa linapiga kelele, lakini kufika saa tatu, nikiwa nimeshona mikono miwili ya blauzi, maumivu yalikuwa yameshuka hadi 4. Nikafurahi. Nikasimama kwenda kula chakula cha mchana, nikakaa kidogo, yakarudi 8 vilevile. Kwa hivyo kusonga kidogo kunapunguza maumivu wakati unasonga, na hiyo ni zawadi, sitaikataa, lakini hakuharakishi kupona. Nimejaribu tena wiki hii na kila mara nikipima stuli baada ya kutembea namba haibadiliki. Afueni na kupona ni vitu viwili.

Ijumaa. Maumivu 0, stuli 17.

Wiki ya 3

Jumatatu skwoti 40 tu, nyumbani, mara nne za kumi kumi, na lanji 10 kila mguu. Sikwenda jimu. Jumanne maumivu 2, stuli 16. Jumatano maumivu 3, stuli 16. Alhamisi maumivu 1, stuli 18.

Nilitarajia mabaya zaidi, kwa kweli nilishuka ngazi Jumatano nikiwa nimeshika chuma kabla hata sijaskia chochote. Sehemu ni kwa sababu nimepunguza, lakini pia mwili unakumbuka. Zoezi lililokuumiza mara ya kwanza, ukilirudia baada ya kupona linauma kidogo, na hiyo kinga inaweza kukaa wiki nyingi. Huhitaji kuumia tena kwa kiwango kile ndio uipate, hata dozi ndogo inafungua mlango. Hii ndiyo habari ningetaka mtu aniambie zile mara tatu niliacha. Wiki ya kwanza si picha ya wiki zote.

Ijumaa nimerudia, skwoti 50.

Wiki ya 4

Matanga, Kakamega. Nimekata viazi, nimebeba maji, nimelala kwa kiti. Hakuna zoezi, hakuna stuli. Nimerudi Jumapili usiku.

Wiki ya 5

Jumamosi nimejaribu nusu ya Menengai peke yangu. Nimeshuka matatu Milimani saa moja asubuhi, bado kuna baridi, nikapanda dakika 50 nikageuka. Kupanda nilihema sana lakini miguu ilikuwa sawa. Kushuka nikakumbuka kila kitu nimeandika hapa, nikafupisha hatua, magoti yamelegea kidogo, na pahali penye mteremko mkali nikatembea mshazari kama ng'ombe. Vijana wawili wakanipita wakishuka mbio. Sikuwafuata.

Jumapili maumivu 4 mapajani, pande zote mbili sawasawa, ukibonyeza inauma, ukikaa haiumi. Hiyo naijua sasa, haiogopeshi. Lakini Jumatatu nikaskia kitu kingine kwa goti la kulia, upande wa nje, kama sindano, na kilikuwa kinanichoma hapo hapo nikikunja, si maumivu ya kuchelewa. Mguu mmoja, nukta moja, kali, ndani ya kiungo. Nikasema hapana, hii si ya kuzoea. Nimeacha skwoti na kushuka mlima siku nane, nikabaki na kutembea barabara tambarare, na ikaisha. Isingeisha ningeenda kumwona mtu wa fizio, wale wa tiba ya viungo.

Wiki ya 6

Hapa sasa ndipo nimeanza kufurahia. Miguu ikipumzika si lazima mimi wote nipumzike. Nafanya pushapu nimeegemea kaunta ya duka kabla sijafungua, mara tatu za kumi, na plenki, yaani kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, sekunde 30 juu ya leso. Kifua kinauma Jumatano, miguu iko huru, natembea. Miguu inauma Jumapili, kifua kiko huru, napiga pushapu. Misuli iliyoumia inapewa siku zake na tabia ya kufanya zoezi haikatiki, maana kwangu tabia ikikatika ndiyo imeenda hiyo.

Kuna mzee mteja wangu wa Molo, alikimbia ujana wake, alileta koti kurekebishwa, akaona maandishi ukutani akaniuliza. Nikamweleza. Akasema, "Mama, shida ya watu wa mjini kila siku wanafanya ngumu kiasi. Siku ngumu iwe ngumu. Siku rahisi iwe rahisi mpaka uone haya." Nimelala na hiyo. Na ni kweli, wakimbiaji wa Iten na Kaptagat, ambao dunia nzima inakuja kuwaangalia, asubuhi nyingi wanakimbia polepole mpaka mtu wa kawaida anaweza kuwafuata kidogo. Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, na hakufika pale kwa kujipiga kila siku.

Nimejaribu pia kujinyoosha kabla na baada, dakika kumi, wiki nzima. Naskia vizuri, mgongo wa cherehani unafunguka, lakini namba ya maumivu haijasonga, na utafiti mwingi uliowekwa pamoja unasema hivyohivyo, kunyoosha hakupunguzi haya maumivu kiasi cha mtu kuona. Kukandwa na dada yangu kwa mafuta kulisaidia zaidi. Kulala kulisaidia kuliko vyote. Usiku niliolala masaa matano tu kwa sababu ya kushona sare za shule, stuli ilishuka kwa 2 hata bila zoezi. Chakula nimeongeza ndengu, mayai na omena, sijapima chochote hapo.

Wiki ya 7

Binamu amepimwa tena, damu iko sawa, daktari amemruhusu aanze kidogo kidogo. Alikuja nyumbani Jumanne akasimama chini ya ngazi akaziangalia. Tukapanda pamoja, tukashuka pamoja, mara moja tu. Nikampa daftari, akaanza ukurasa wake. Stuli 12.

Tulirudi jimu kuongea na instrakta, si kugombana. Binamu akamwambia yote, hospitali, mkojo, siku tatu za dripu. Kijana alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa: "Dada, mteja mpya asipoumwa kesho yake anasema nimekula pesa yake bure, harudi." Nilimwelewa. Sisi wenyewe tumefanya maumivu kuwa risiti. Nilitoka hapo wiki ya 1 nikiwa na furaha na nikaamka na 8 nikadhani nimepata kitu, na nguvu yangu ilikuwa imeshuka kutoka 17 hadi 10. Wiki ya 6 nimefika 20 na sikuvuka maumivu 4 hata siku moja. Nilimwonyesha huo ukurasa. Aliupiga picha.

Wiki ya 8

Jumamosi, Menengai. Daktari alikuwa amesema binamu atembee tu na asisukume, kwa hivyo tulipanga yeye apande hadi pale atakapochoka na arudi na mume wake na gari, mimi niendelee. Maji lita moja na nusu kila mtu, ndizi, njugu. Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Alifika mbali kuliko tulivyodhani, akakaa kwa jiwe, akasema "Nimetosheka, siz, nenda," na hakuona haya yoyote kusema hivyo, nikajua amepona kweli.

Nilifika juu peke yangu. Ukungu ulikuwa bado umelala ndani ya shimo na mvuke unatoka pande za chini, na nyuma yangu mji wote hadi ziwani. Nilikaa dakika 20. Halafu nikashuka kwa hatua fupi, mshazari, polepole, saa nzima na zaidi.

Jumapili maumivu 3, stuli 18. Jumatatu maumivu 4, stuli 17. Jumanne maumivu 1, stuli 18, na hapa ningekuwa mtu wa zamani ningesema inauma kidogo tu, niende. Nimepiga pushapu kwa kaunta, nimetembea hadi stage na kurudi. Jumatano maumivu 1 bado, stuli 20. Hiyo moja haijaisha lakini nguvu imerudi yote, kwa hivyo jioni hii nafanya skwoti 60, na binamu anakuja na daftari yake kufanya 10.